Malkia Aliyekuwa Nje kwa Dhamana

Kama hukuwahi kukaripiwa na Sonara wetu, basi usiniambie uliishi Sumbawanga miaka ile ya Ujamaa. Labda ulipita tu, ukashuka kwenye lori, ukanywa chai, ukapanda lori jingine. Sisi tuliokaa tulikaripiwa wote: wakulima, walimu, masista wa misheni, hata bwana mkubwa mmoja wa wilayani aliyeleta pete yake ipanuliwe. "Pete haijapungua, ndugu," Sonara alimwambia mbele ya watu. "Kidole ndicho kimeongezeka. Kimekula sana wakati vidole vya wenzako viko kwenye foleni ya unga." Bwana mkubwa akacheka, maana angefanya nini? Sonara alikuwa mmoja tu, mji mzima na milima yake.

Alizaliwa kijiji gani na babu yake alikuwa nani, sijui. Mimi nilimkuta akiwa Sonara na nilipohama nilimwacha akiwa Sonara. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani mara chache, na kila likitajwa watu waligeuka kutafuta huyo mtu ni nani. Hata mkewe alimwita Sonara.

Mimi ni Mnyakyusa. Nililetwa Sumbawanga na mume wangu, bwana mifugo, kwa uhamisho wa serikali, na kwenye lori niliibembeleza cherehani yangu kuliko nilivyombembeleza mtoto. Tulipanga mtaa wa Chanji, katika nyumba ya bati yenye vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara. Kimoja nikaweka cherehani. Kingine kilikuwa cha Sonara. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo miaka yote ile nilisikia kila neno alilowaambia wateja, naye alisikia kila wimbo nilioimba vibaya. Yeye aliniita Mnyaki. Mimi nilimwita Mzee tukiwa pamoja, na Sonara akiwa hayupo.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na mwili. Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inapokukata mpaka kwenye fizi, alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kichwani kofia ya sufu iliyotobolewa na cheche za mkaa. Lakini mikono ya makoti yote mawili aliikunja, baridi iwe baridi. Alisema dhahabu haitaki mtu aliyejificha. Kazini alikuwa na jiko la mkaa, mrija wa shaba wa kupulizia moto, koleo, tupa, mizani ndogo ya vikombe viwili, na kekee ya mkono ya kutobolea. Ile kekee ilining'inia msumarini. Alitobolea fedha, shaba, hata pembe. Sarafu hakutoboa. Ungemlilia, ungempigia magoti, ungemletea barua ya padre, ng'o.

Na watu walimletea sarafu kweli. Siku zile, wanawake wa uwandani walipenda kutundika sarafu shingoni, na zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za dhahabu, za Uhindi ya wakati wa mkoloni. Utashangaa zilifikaje huku juu kwetu. Usishangae. Rupia ilikuwa pesa ya nchi hii kabla ya shilingi, na dhahabu ilitembea pamoja nayo: kwenye kibindo cha mfanyabiashara wa Kihindi, kwenye buti la askari wa vita vya Mjerumani, kwenye mkanda wa Mfipa aliyerudi kutoka machimboni. Ikifika Ufipa ilitulia, kwa sababu huku hakuna kwa kukimbilia. Bibi anaizika chini ya mtungi, mjukuu anaichimbua, anamletea Sonara: nifanyie hereni.

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Kazi ya sonara ni kuyeyusha. Yeye aliyeyusha mikufu iliyokatika, hereni zilizobaki upande mmoja, meno ya marehemu, chochote. Ila ukimpa sarafu nzuri ya Uhindi, aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akaipuliza. Kisha alikwambia, "Hereni utapata. Lakini huyu haingii motoni." Akakutengenezea hereni kwa dhahabu yake mwenyewe ya kuokoteza, uzito kwa uzito, na sarafu ikabaki kwake. Mteja aliondoka na hereni akidhani amemlalia mzee. Sonara naye alibaki ameshika sarafu yake kama mama aliyepokea mtoto kwa mkunga, na mimi nilisikia nyuma ya ukuta akiisemesha.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee, kwani dhahabu si dhahabu?"

"Mnyaki, nguo si nguo?"

"Aka! Nguo zinatofautiana."

"Kwa nini?"

"Kwa aliyeshona."

"Basi umejijibu, endelea kukanyaga cherehani yako." Kisha akaja mlangoni kwangu, maana kujibu kwa mkato hakukumtosha kamwe. "Tazama. Kuna mtu huko Uhindi alikaa na chuma kidogo kama sindano, akachonga unywele mmoja mmoja wa mfalme huyu. Mimi ni fundi, siogopi kusema, kuanzia Ziwa Rukwa mpaka Ziwa Tanganyika hakuna anayenifikia. Lakini hiki siwezi. Nikikiyeyusha nimekata mkono wa fundi mwenzangu."

Zile sarafu alizipanga kwenye kitambaa cheusi cha sufu nilichomkatia mimi mwenyewe, akakikunja, akakitia ndani ya kopo la majani ya chai. Kopo aliliita jela. Kulikuwa na pauni ya dhahabu iliyopigwa Bombei wakati wa vita kuu vya kwanza, ambayo unaitambua kwa herufi moja ndogo sana chini ya kwato za farasi. Kulikuwa na ndugu yake, sarafu ya rupia kumi na tano, ya wakati huohuo, wafalme wawili wanafanana mpaka ndevu. Kulikuwa na mohari, ndivyo Wahindi wanavyoiita, yenye malkia aliyevaa taji na nguo ya maua. Kila mmoja alikuwa na mahali pake kwenye kitambaa, mahali palipobonyea kwa kulaliwa. Na katikati palikuwa na nafasi moja ambayo haikuwahi kulaliwa na mtu.

"Hapa ni pa nani?" niliuliza.

"Pa Malkia wa mnazi," alisema, akafunika kopo.

Kisa cha Malkia wa mnazi alinisimulia mwenyewe, si siri, aliwasimulia wengi kwa sababu kilikuwa na kofi ndani yake na alipenda kuigiza kofi. Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa sonara wa Kihindi hapohapo mjini. Siku moja bwana wake alisafiri. Akaja mwanamume amerudi kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia, ana sarafu ya dhahabu, anataka itobolewe amvike mchumba wake shingoni. Upande mmoja ulikuwa na malkia msichana, nywele zimefungwa kisogoni, hana taji. Upande wa pili simba anatembea mbele ya mnazi. Kijana alikuwa hajawahi kuachiwa dhahabu peke yake. Akashusha pumzi, akachukua kekee, akatoboa pale juu ya kichwa cha malkia. Akalainisha tundu kwa uzi uliopakwa unga wa kusugulia, akalainisha tena, mpaka jua likahama dirishani. Mwanamume akalipa, akaenda zake.

Bwana wake aliporudi, kijana akamweleza kwa kujidai. Mhindi akauliza ilikuwa sarafu gani. Simba, mnazi? Paa! Kofi. Kisha yule Mhindi akakaa chini akashika kichwa. Alikuwa ameitafuta mohari ile miaka na miaka, ilikuwa ya zamani, ya wakati Uhindi ilipotawaliwa na kampuni ya wafanyabiashara, na sasa imepita mlangoni kwake imetoka na tundu.

"Kofi lile ndilo cheti changu," Sonara alipenda kusema. Watu walicheka. Mimi, niliyekuwa nyuma ya ukuta, nilijua mwisho wa kisa ambao hakuwasimulia. Toka siku ile alitaka jambo moja katika maisha yake: aipate sarafu ileile, si nyingine, aliyoiharibu yeye, na alizibe lile tundu kwa dhahabu, azibe vizuri hata bwana wake akifufuka asilione. Mwenye sarafu hakumjua jina. Alijua tu kwamba alikuja kwa miguu kutoka upande wa kusini.

Kwa hiyo alitazama shingo. Mzee wa watu, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, alikwenda misa ya kwanza na misa ya pili kutazama shingo za wanawake wakienda kukomunika. Wasiomjua walimsema vibaya. Kwenye mnada alitazama shingo, kwenye misiba alitazama shingo. Mkewe, mama mmoja mtulivu sana, alisema, "Wenzangu waume zao wanatazama viuno. Mimi Mungu kanipa afadhali."

Huyo mkewe ndiye aliyefanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka ninacheka peke yangu. Wanawake wa Kifipa ni wasafi jamani, nasema mimi Mnyakyusa ambaye si mwepesi wa kusifu makabila ya watu. Sufuria zao utajitazama sura. Sasa siku moja alifagia chumba cha kazi, akakuta mfalme mmoja, pauni ile ya Bombei, ameachwa juu ya meza, amefifia, ana rangi kama ya chai. Akamwonea huruma. Akamchukua mpaka uani, akamsugua kwa majivu na mchanga kama anavyosugua sufuria. Akamrudisha anameremeta.

Loo! Kwa mtu wa kutunza sarafu, kusugua ni kuua. Kule kufifia ndiko umri wake, na kila punje ya mchanga inaondoka na unywele. Upande wa pili tupa ikaacha ghafla, nikadhani mzee ameanguka. Nikaenda. Alikuwa ameshika mfalme mlangoni kwenye mwanga.

"Mnyaki," alisema, "mke wangu amemnyoa mfalme ndevu."

Mkewe alisimama pale, mikono ina majivu, hajui kama alie au akimbie. Nami nikaogopa, maana ulimi wa Sonara naujua. Lakini yule bwana aliyekaripia wilaya nzima alimtazama mkewe, akasema, "Haya, asante. Alikuwa anahitaji." Akamlaza mfalme mahali pake. Mkewe alipofariki, masika yaliyofuata, sarafu aliyoishika kuliko zote ikawa ile iliyonyolewa. Aliiweka kwenye kiganja hata akiwa anaongea na wateja.

Usinielewe vibaya, hakuwa malaika. Dhahabu aliitoa kwa uzito kamili na hata kuzidisha, lakini chumvi! Ukiomba chumvi kwake alikuhesabia punje. Alikuwa na majivuno yasiyo na breki. Na alikuwa na hila moja ambayo paroko hakuipenda: unajua jina la Sumbawanga, maana yake tupa uchawi, na unajua watu wa nje wanavyotuogopa. Basi ikavuma kwamba atakayegusa kopo la Sonara atavimba mkono. Nani alianzisha? Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia dereva wa lori, kwa sauti ya chini, "Mimi sisemi kitu. Muulize wa mwisho, kama bado anaweza kushika kalamu." Jumapili akaungama, Jumatatu akarudia. Mlango wake ulikuwa na kitasa cha kamba na hakuibiwa hata siku moja.

Aliyetaka kulichukua kopo hakuwa mwizi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema lakini aliyepata cheo kikamkaa kichwani. Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, kila mtu anaulizwa ana nini na kwa nini anacho peke yake. Balozi akaitisha kikao uani kwetu, akasimama juu ya kinu.

"Ndugu Sonara," alisema, "tumemfukuza mkoloni. Bendera yake tumeshusha. Wewe, katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, tunasikia unamtunza mfalme ndani ya nyumba. Unamlaza kwenye kitambaa! Tueleze."

Nilishika mkono wa mume wangu, maana maneno kama yale yalikuwa yanaweza kumtoa mtu mjini. Sonara akaingia ndani, akatoka na kopo. Hakuharakisha. Akafungua kitambaa mbele ya wote.

"Ndugu Balozi, nani kasema namtunza? Nimemfunga. Huyu alitawala Uhindi yote, na hapa petu pia. Leo yuko wapi? Yuko Chanji, kwenye kopo la chai, kwa Mfipa. Hana jeshi, hana kiti, anatoka nje nikitaka mimi. Ninyi mmeshusha bendera yake, mmefanya vizuri. Lakini mwenyewe mnaye? Mimi ninaye. Mkitaka niwaachie, semeni, nimwachie huru leo."

Eti nani alicheka kwanza? Balozi mwenyewe. Alicheka mpaka akashuka kwenye kinu. Tangu siku ile likawa jambo la mtaa: mgeni akija Chanji anapelekwa kuona wafungwa. Balozi ndiye aliyewaleta, na alisimama pembeni kifua mbele kana kwamba aliwakamata yeye. Kila siku ya Sabasaba kitambaa kilitandikwa mezani, Sonara akisimama nyuma yake na makoti yake mawili, mikono imekunjwa. Nilijisikia fahari kuwa jirani yake, na sioni haya kusema hivyo. Miji mingine ilikuwa na viwanda. Sisi tulikuwa na malkia na wafalme wa Uhindi, tena kifungoni.

Na katikati, ile nafasi moja tupu.

Ilijazwa siku moja ya kiangazi, mchana kweupe. Dhahabu ya kuokoteza ilikuwa imekwisha mji mzima. Watu walikuwa wameuza walichonacho wakati wa ukame, tukala unga wa njano. Sonara alishinda akitengeneza vifungo na kuziba sufuria. Lori la ushirika likashusha watu wa Mwimbi, kule kusini, na miongoni mwao bibi mmoja mrefu, mkavu, amejifunga shuka, amefuatana na mjukuu wake msichana anayekaribia kuolewa. Walipita mlangoni kwangu kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Fundi wa dhahabu ni wewe?"

"Mimi wa nguo. Wa dhahabu huyo hapo, na asikutishe, mdomo tu."

Alipogeuka nikaiona shingoni, kwenye uzi mweusi wa katani. Simba anatembea mbele ya mnazi. Nikaacha cherehani, nikaenda kusimama mlangoni kwa Sonara, bila kuitwa.

Bibi akasema shida yake. Mjukuu anafunga ndoa kanisani, padre anataka pete mbili, na pete hazipatikani popote. Yeye ana dhahabu hii tu, ambayo marehemu mumewe alimvika siku alipomchumbia. Iyeyushwe, itoke pete mbili. Akainamisha kichwa, akavua uzi, akaiweka mezani.

Sonara hakuichukua haraka. Alifuta vidole kwenye koti. Kisha akaipeleka mlangoni, akaigeuza, na nikaona kidole chake kinatafuta tundu kabla ya macho. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Bibi, pete utapata. Lakini huyu haingii motoni. Uzito kwa uzito. Huyu nibakie naye mimi."

"Ilimradi pete zipatikane," alisema bibi.

Sasa dhahabu atoe wapi? Nilijua, na nikajua kwamba anajua. Akafungua kopo. Mkono ukapita juu ya malkia wa taji, ukapita juu ya rupia kumi na tano, ukasimama kwa mfalme aliyenyolewa. Akamchukua. Akamshika kwenye kiganja kidogo, kama alivyozoea.

"Mzee," nilisema, "siyo huyo."

"Mnyaki, huyu amenyolewa tayari. Na pete za ndoa zitoke kwa nani kama si kwa mke wangu?" Akamlaza kwenye chungu kidogo cha kuyeyushia, akachukua mrija, akapuliza. Mashavu yalijaa na macho yalijaa, moshi wa mkaa ulikuwa mwingi, tuseme hivyo. Mfalme akalegea, akawa tone.

Pete zilikuwa tayari kabla jua halijafika mlimani. Msichana alivaa yake akaitoa, akaivaa tena. Sonara akamlaza Malkia wa mnazi katikati ya kitambaa, kwenye nafasi iliyomngoja miaka yote. Ilikuwa sawasawa kabisa. Mimi nilitaka kupiga vigelegele.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni tayari kuondoka, lakini haondoki. Mkono wake ulikuwa unapanda shingoni, unakuta patupu, unashuka, unapanda tena. Akajicheka. "Nimeizoea," alisema. "Nimelima nayo, nimezaa nayo. Unajua, fundi, wenzangu wote waliovaa sarafu, zao zilikata uzi wakazipoteza, moja mtoni, nyingine shambani kwenye ulezi. Zao matundu yalikuwa na makali. Yangu haijawahi kukata uzi hata siku moja. Sijui alikuwa kijana gani, mume wangu alisema ni kijana tu. Lakini aliyetoboa tundu lile alikuwa fundi."

Sonara alibaki ameshika kifuniko cha kopo. Miaka yote aliliita tundu lile kaburi, na huyu bibi alikuwa analisifu bila kujua anamsifia nani. Nilitaka kupaza sauti, ni yeye! Lakini nilijizuia, haikuwa yangu kusema.

Akafungua kitambaa. Akamtoa Malkia. Akauchukua uzi uleule wa katani, akaupitisha kwenye tundu, akamfuata bibi mlangoni na kumvika mwenyewe, akafunga fundo kisogoni kwa vile vidole vyake virefu.

"Mbona? Na uzito kwa uzito?" bibi akashtuka.

"Huyu nakutolea kwa dhamana," alisema Sonara. "Mdhamini ni mimi. Lakini mtu aliye nje kwa dhamana lazima aripoti. Ukija mjini, pitia hapa nimwone."

Bibi hakuelewa mambo ya dhamana, lakini alielewa shingo yake. Alipiga makofi ya kushukuru, taratibu, kwa adabu ya Kifipa, akaenda. Sonara akarudi ndani. Kwenye kitambaa sasa nafasi tupu zilikuwa mbili.

"Mzee, si ungemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa wewe."

Akavuta pumzi, akaanza kukunja mikono ya makoti upya, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Nilitaka kuliziba," alisema. "Mnyaki, ningeziba kazi nzuri kuliko zote nilizofanya." Kisha nikasikia nyuma ya ukuta anapiga mluzi, yeye ambaye hakuwahi kupiga mluzi.

Sisi tulihamishwa baada ya muda, mume wangu akapelekwa Mbeya, na cherehani ikapanda lori tena. Niliporudi Sumbawanga kumsalimia, nywele zangu zilikuwa zimeanza mvi na yeye macho yalikuwa yamekwenda. Hakufanya kazi tena. Alikaa mlangoni palepale, makoti mawili, kopo mapajani. Nikamwamkia. "Marahaba, Mnyaki," akasema papo hapo, "bado unaimba vibaya?"

Akanifungulia kitambaa. Aliwapitia wafungwa kwa kidole, mmoja mmoja, akiwataja bila kukosea. Alipofika nafasi ya kwanza tupu akasema, "Huyu tulimwozesha." Alipofika ya katikati akasema, "Huyu yuko nje."

"Anaripoti?"

"Usiulize. Leo ni siku ya mnada."

Tulikuwa bado tunakunywa uji wa ulezi alipoingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, pete kidoleni. Nilimtambua kwa pete kabla ya sura. Bibi alikuwa amefariki, na Malkia alikuwa shingoni kwa mjukuu. Akapiga magoti bila kuambiwa, akaisogeza shingo mpaka kwenye mkono wa mzee, na ikaonekana wazi kwamba wamefanya hivyo mara nyingi. Sonara aliweka ncha ya kidole kwenye tundu, akazungusha, taratibu.

"Uzi umebadilisha lini?" akauliza kwa ukali, kama zamani.

"Sijabadilisha, babu. Ni uleule wa bibi. Haujakatika."

Sonara akanyanyua uso, akanigeukia pale alipodhani nimekaa, kifua mbele, mikono ya makoti imekunjwa.

"Mnyaki, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Mwambie tena, binti," alisema. "Sema kwa nguvu. Huyu anatoka mbali."